Shangazi, kwa ndege nisome kitabu ama niongee na mama masaa yote 15?

Shangazi hujambo?

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, majibu yako huwa nayasoma asubuhi kwa matatu nikienda tao, na sikudhani siku moja nitaandika langu. Tena langu si la bwana wala la mama mkwe, ni la kitabu na la mamangu. Naomba usilione dogo kwa sababu kusema ukweli limeanza kuninyima usingizi.

Iko hivi. Desemba hii naenda Marekani na mama kwa harusi ya kakangu, yeye anaishi New Jersey. Tumepata tiketi za ile ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, inatoka uwanja wa ndege wa JKIA karibu saa tano na nusu usiku na wanasema ni kama masaa 15 hewani bila kushuka mahali popote. Mama hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Mimi nimepanda ya Mombasa na ya Kisumu tu, zile ukimaliza kunywa soda unaambiwa funga mkanda tunatua.

Sasa shangazi, mimi nimekuwa mtu wa vitabu tangu utotoni. Nimelelewa Murang'a, mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu sasa, na kwetu tungekosa sukari lakini kitabu hatukukosa. Lakini tangu nipate watoto wawili, na hii kazi ya uhasibu, na foleni za Jogoo Road, na kazi za shule za watoto ambazo siku hizi mzazi ndiye anazifanya, kusoma kumeniisha. Nikifungua kitabu usiku nasoma ukurasa mmoja macho yanafunga, ama simu inalia, ama nachukua simu mwenyewe bila sababu yoyote halafu najipata nusu saa baadaye bado naangalia watu nisiowajua wakipika chapati. Kuna riwaya imekaa kando ya kitanda changu tangu Pasaka na sikumbuki hata jina la yule dada wa kwenye sura ya kwanza.

Kwa hivyo nilipoona tiketi, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, hata kabla ya harusi yenyewe, ni kwamba nitasoma. Masaa 15 hakuna mtu ananiita mama nataka uji, hakuna bosi, hakuna WhatsApp ya darasa la mtoto. Nataka kitabu kinimeze kabisa nisijue kama tuko juu ya jangwa ama juu ya bahari. Nimekingoja hicho kitu vile watoto wanangoja Krismasi.

Lakini kakangu amenipigia akaniambia, "Usimwache mum akae na mawazo, mwongeleshe, akianza kuogopa presha itapanda." Na ni kweli mama ana presha, anameza dawa kila asubuhi. Na mama akiwa na wasiwasi huwa anaongea na kuuliza maswali, tangu tupate viza ananipigia kila jioni, choo cha ndege kiko aje, wakizima taa watu wanaona aje, rubani anajuaje njia usiku na chini ni bahari, hewa ya kupumua wanatoa wapi. Namjibu ninavyoweza lakini nimechoka shangazi, na ndege hata bado.

Kuna jambo lingine sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa mdogo wageni wakija nilikuwa naenda nyuma ya stoo na kitabu, na mama akinipata alikuwa ananiambia, "Wewe watu unawakimbia unajificha kwa vitabu." Alisema hivyo mara nyingi na hiyo sentensi haijawahi kunitoka. Tangu baba atuache mimi na yeye hatuongei mambo mengi, tunaongea dawa, shamba, mvua, na watoto ambao wanampenda cucu wao sana. Sasa nikifungua kitabu kando yake usiku kucha naogopa ataona ni yale yale. Na nikiwa mkweli, hata mimi sina uhakika kama si yale yale.

Halafu kuna kitabu chenyewe. Tuko na chama cha kusoma na wenzangu, na tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki Mei 2025 tulikuwa tunasema tutasoma kazi yake kubwa, tukakubaliana Wizard of the Crow, tunakutana Januari kuijadili. Kitabu kina kurasa zaidi ya 700! Rafiki yangu wa kazini anasema huko juu akili haifanyi kazi, nibebe riwaya ya mapenzi ama ya wauaji nisahau mambo. Bwanangu anasema nisinunue chochote, kila kiti kina skrini na filamu ni za bure. Mi mwenyewe roho inataka hadithi tamu ya mapenzi lakini naona aibu, yaani nimekaa muda huu wote bila kusoma kitu cha maana halafu nikipata nafasi niimalize na mapenzi? Na nikibeba kitabu kisichofaa nitakibadilishia wapi nikiwa juu ya Atlantiki?

Nisaidie shangazi. Nisome ama nikae na mama? Nikisoma nisome nini? Na nibebe cha karatasi ama Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu, ambayo shemeji yangu amekubali kuniazima?

Wako, msomaji wa Umoja.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu wa Umoja, barua yako sijaiona ndogo hata kidogo. Wewe unaniuliza kitabu gani cha kubeba, na hapo hapo unaniuliza kama binti ana ruhusa ya kupumzika akiwa ameketi kando ya mamake, na hayo mawili yameshikana mpaka huwezi kuchagua kitabu kabla hujatulia kuhusu mama. Nitajaribu kuyagusa yote mawili.

Lakini kwanza hebu tuyahesabu hayo masaa, kwa sababu naona umeyabeba yote 15 kichwani kana kwamba lazima uyape kitabu ama uyape mama. Mnaondoka saa tano na nusu usiku. Mama atakuwa ameamka mapema siku hiyo, na nyinyi watu wa safari za mbali mtaingia JKIA masaa matatu kabla, mpange foleni, mvue viatu, mgongewe pasipoti. Ndege ikishapaa wataleta chakula, na wakishakusanya trei watazima taa. Sasa, Desemba saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa masaa manane, na ndege inaelekea magharibi, kwa hivyo usiku unaenda nao. Mtatua kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kule na jua la Desemba bado halijachomoza. Yaani karibu safari yote ni giza na watu wengi wamejifunika blanketi. Siwezi kukuahidi mama atalala, wako watu hawafumbi jicho kwa ndege, lakini akilala hata masaa matano tu, swali lako linabadilika sana. Linabaki masaa machache ya mwanzo, machache ya mwisho, na hapo katikati pana usiku mrefu ambao pengine ni wako bila kumnyang'anya mtu.

Ya mwanzo ndiyo ningekuomba uyafikirie sana. Wakati wa kupaa, wakati masikio yanaziba, wakati mabawa yanapiga ule mlio ambao mgeni anadhani kitu kimevunjika, hapo kitabu hata kikiwa kitamu vipi hakitakuingia, kwa sababu mama atakuwa ameshika mkono wako. Na hata wewe hujazoea, usijifanye umezoea kwa sababu ya Kisumu. Beba peremende za kutafuna masikio yafunguke, hasa wakati wa kushuka.

Sasa kuhusu hayo maswali yake. Wewe umeyaita wasiwasi, na kakako ameyaita presha, na inaweza kuwa ni hivyo. Lakini mimi nikiyasoma vile umeyaandika nasikia mwalimu. Rubani anajuaje njia usiku, hewa inatoka wapi, haya ni maswali mazuri kabisa na yana majibu. Rubani mchana ama usiku anafuata vyombo na setilaiti, hategemei kuchungulia dirishani. Hewa inavutwa kutoka nje, inashindiliwa, inapozwa, inaingizwa ndani. Na hili mwambie atafurahi: Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na ndege aina ya Dreamliner, ambayo ndiyo Kenya Airways ilianza nayo safari hii ya New York Oktoba 2018, hewa ya ndani huwekwa iwe kama ya mita 1,800 hivi. Uzito wa hewa atakaopumua huko juu ni kama wa hapa tao, ila itakuwa kavu sana, macho na koo vitamkauka, anywe maji. Mpigie umsomee hayo. Mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo labda hataki kubembelezwa usiku kucha, labda anataka kuelewa. Sijui, namsikia kupitia kwako tu, na wewe ndiye unamjua.

Na hapo kuna kitu nilitaka kukuuliza polepole. Aliyesema mama asikae bila kuongeleshwa ni kakako, na kakako atakuwa New Jersey akiwangoja. Mama mwenyewe amesema anataka nini? Katika barua yako yote sijaona mahali umemuuliza. Unaweza kumuuliza kabla ya safari, lakini angalia namna unavyouliza, kwa sababu ukimwambia "mama nikisoma ni sawa?" atakwambia soma mwanangu bila shaka, wazazi wetu wanajibu hivyo hata roho ikitaka lingine. Muulize kitu cha kushikika: ukiogopa ungetaka nikushike mkono, nikuongeleshe, ama ninyamaze? Ukilala nikuamshe wakileta chakula ama nikuache? Wewe utabeba nini cha kupitisha wakati? Hilo la mwisho usilipite haraka. Nyumba yenu haikukosa vitabu, na vilinunuliwa na nani kama si yeye? Sijui ni kwa nini tumemweka mama kwenye kiti cha mtu wa kuongeleshwa tu na hatujamwekea kitabu.

Kuhusu ile sentensi ya nyuma ya stoo, mwanangu, pole. Maneno ya mzazi yanakaa. Lakini hebu tuitazame kwa upole. Mwalimu ametoka shule, wageni wamejaa sebuleni, chai haijachemka na msichana wa kusaidia haonekani. Pengine siku hizo alikuwa anasema nisaidie. Pengine alikuwa anasema nakukosa. Pengine pia alimaanisha vile vile ulivyosikia na ilikuwa kali kuliko ulivyostahili. Yote matatu yanawezekana na mimi siwezi kukuchagulia moja. Wako watakaokushauri umuulize hukohuko hewani kwa kuwa mna wakati, na ni kweli masaa marefu ya kukaa bega kwa bega gizani huwafungua watu midomo. Hatari yake ni kwamba likienda vibaya hakuna mahali pa kutoka ukapunge hewa, kuna mtu wa tatu kiti cha pembeni anasikia, na mama bado ana presha na bado mna masaa kumi mbele. Unaweza kuliongea Murang'a kabla, mkiwa jikoni. Unaweza kuliacha kabisa safari hii. Na ukijikuta hewani mama mwenyewe ameanza stori za babako, funga kitabu, utakuwa umeelewa.

Umesema huna uhakika kama kusoma kwako si kujificha. Sitakuharakisha kujibu. Ila nimeona kwamba mtoto aliyekimbilia nyuma ya stoo hakuwa na watoto wawili, kazi na Jogoo Road. Mtu mzima aliyechoka akitaka masaa yake machache hilo lina jina lake, kupumzika. Na inawezekana ukawa unapumzika na unamkwepa mama kidogo kwa wakati mmoja, watu hatuko rahisi hivyo.

Sasa kitabu, na hapa nimefurahi kwa sababu ni mambo ninayoyapenda.

Kitabu cha ndege kinakatizwa. Chakula kinakuja, tangazo linalia, jirani anataka kupita, mama anauliza hiyo taa nyekundu ni ya nini. Kwa hivyo kitabu chenye wahusika thelathini na majina ya ukoo ya kufuatilia kitakushinda hata kama ni kizuri, utarudia ukurasa mmoja mara nne. Kinachofaa zaidi ni chenye swali linalokushika mapema, nani alifanya, atampata, atatoroka aje, na sura fupi fupi ambazo ukikatizwa unajua ulipoachia. Usikihukumu kwa kava. Kijaribu. Pita pale kwa inama za tao, wale wanaouza vitabu chini kando ya barabara, uiname kweli, usome kurasa za kwanza ukiwa umesimama, ama ingia maktaba ya McMillan pale Banda Street, jengo la 1931 lile, ama matawi yake ya Makadara na Kaloleni ambayo kwako wewe wa Eastlands ni karibu. Ukifika ukurasa wa kumi na umesahau kwamba miguu inauma, hicho.

Na kianze kabla ya safari. Hili nakuomba sana kwa sababu naogopa umeiwekea ndege matumaini makubwa mno. Akili iliyozoea simu haiponi kwa kufunga mkanda. Ukiketi pale saa sita usiku na kitabu kipya, mkono utaitafuta simu, utakuta haina mtandao, utageukia skrini ya kiti, na filamu ya kwanza itakuwa imeanza kabla hujafika ukurasa wa tatu, halafu utajilaumu mpaka New York. Wiki mbili tatu kabla, weka simu chumba kingine, soma kidogo kila usiku, hata dakika ishirini, na ukifika pale hadithi imepamba moto kabisa, funga, kiingize kwenye begi la safari. Utapanda ndege ukiwa na njaa yake. Bwanako hajakosea kuhusu skrini lakini, ukichoka kusoma ipo, na mama anaweza kupenda kuangalia ile ramani inayoonyesha ndege imefika wapi.

Kuhusu aibu ya mapenzi, hebu niulize, ni nani anakusahihisha? Ukitaka mapenzi ambayo pia yana uzito, kuna Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ilitoka 1999, Amil Shivji akaitoa kwa filamu 2021. Yasmin msichana wa Kihindi wa Unguja ameozwa mzee asiyempenda, anatoroka, anakutana na Denge anayepambana na wakoloni, na usiponikumbuka hapo wakati wanasakwa na polisi basi. Ni mapenzi na ni siasa, na inakimbia. Lakini hata ukichukua ya mapenzi matupu yenye kava ya waridi, kama ndiyo itakayokumeza, unaweza kujiuliza hayo masaa uliyatakia nini tangu mwanzo.

Kuna njia nyingine sijui kama imekujia, nyinyi wawili kusoma kitabu kimoja, kila mtu na nakala yake. Mama kama alifundisha Kiswahili, huenda anamjua Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, yule mpelelezi wa Unguja na kiko chake na rafikiye Najum. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka 1960, si ndefu, ni ya nani alimuua nani, na mnaweza kubishana muuaji ni yupi tangu Sudan hadi bahari kubwa. Hapo umesoma na umeongea naye kwa mpigo mmoja. Ubaya wake upo. Mmoja wenu atasoma haraka na atashindwa kunyamaza. Ama mama hatakipenda na atakisoma kwa kukuridhisha tu. Ama wewe utagundua ulichotaka hasa ni kuwa peke yako, na sasa umepata mwenzako hata ndani ya kitabu. Hilo la mwisho ndilo la kupima kabla hujanunua nakala mbili.

Kumsomea kwa sauti ni kuzuri mkiwa nyumbani, lakini kwa ndege viti vya bei ya kawaida ni vitatu vitatu na kuna mtu amelala hapo, kwa hivyo labda sura moja ya mwanzo kabla taa hazijazimwa. Kitabu cha kusikiliza ndege ikianza kutikisika kinasaidia, kwa sababu kusoma wakati huo kunawatapisha wengine, ila ukipakue ukiwa bado na mtandao na ujue vya Kiswahili si vingi.

Kindle ya shemeji ichukue uitazame kwanza kama ina taa yake ndani, za zamani hazina. Kama inayo, itakufaa gizani, taa ya juu ya kiti inaweza kumulika mama usoni akiwa amelala. Weka vitabu vyote kabla hujatoka nyumbani, na ile betri ya kuchajia iwe kwenye begi la mkononi, kwenye mizigo ya chini hairuhusiwi. Mimi bado ningeweka na kimoja cha karatasi, kidogo, cha akiba, kwa sababu kitu cha kuazima kikizima saa nane usiku huna la kufanya. Miwani ya mama na dawa zake pia juu, si kwenye sanduku, na kabla ya safari amwone daktari wake kuhusu hiyo presha na kukaa muda mrefu.

Na kukaa kwenyewe ni jambo, kwenu wote wawili. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba safari za kukaa zaidi ya masaa manne zinaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kitabu kitamu sana kina ubaya huo, kitakukalisha masaa sita hujanyoosha goti wala kunywa maji. Kila ukimaliza sura mbili tatu, inuka. Mama akiwa macho inukeni wote, mtembee mpaka nyuma mkarudi. Mpe kiti cha kando ya njia asiruke watu akienda choo, ingawa kama ana hamu ya dirisha itabidi mkubaliane.

Mwisho, hicho cha kurasa 700. Wewe umekiweka upande wa wajibu na naona umekiogopa kwa unene wake. Lakini Wizard of the Crow inachekesha sana, mtawala wa nchi ya Aburĩria anataka kujengewa mnara ufike mbinguni, na kijana Kamĩtĩ anajikuta mganga bila kupanga. Inaweza kukumeza kuliko hizo za wauaji. Inaweza pia kukushinda, ina watu wengi na inazunguka, na nimekwambia kuhusu kukatizwa. Kumbuka tu kwamba Ngũgĩ aliiandika kwanza kwa Gĩkũyũ, Mũrogi wa Kagogo, na mamako ni mwalimu wa Murang'a. Sijui kama angependa. Ulizia mapema dukani kama unaipata, na ukiipata mpelekee nyumbani aifungue mwenyewe, usimwambie ni ya ndege, uone kama atairudisha mezani ama ataenda nayo chumbani. Wenzako wa chama wakikukuta Januari umefika nusu, waambie umefika nusu.